Gari likichemsha, usikimbilie kuuza ng'ombe

Mpenzi msomaji, majuma machache yaliyopita nilipokea barua kutoka kwa mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu hapa Nairobi. Barua yenyewe ilikuwa fupi, lakini ilinikosesha usingizi.

"Baba yangu ni mkulima huko Kiirua, Meru," aliandika. "Ana pikapu kuukuu ambayo huteremka nayo hadi Isiolo na viazi na kurudi na mizigo ya wenye maduka. Kwa miezi mitatu sasa inachemsha kila ikipanda kurudi nyumbani. Fundi amemwambia kwamba injini imekufa na atafute nyingine. Baba ameamua kuuza ng'ombe wawili wa maziwa. Maziwa ya ng'ombe hao ndiyo yanayolipa chumba ninamolala. Tafadhali niambie, je, ni kweli injini imekufa?"

Swali kama hilo halijibiki kwa barua. Kumwambia mtu kwamba injini yake ni nzima bila kuiona ni sawa na daktari kumtibu mgonjwa aliye nyuma ya ukuta. Kwa kuwa nilikuwa na safari ya kwenda Meru siku chache baadaye, nilimwomba kijana huyo amwambie babake mambo mawili: asimpokee mnunuzi wa ng'ombe kabla sijafika, na gari lisiwashwe asubuhi hiyo. Nilitaka kulikuta likiwa baridi.

Leo nataka nikusimulie tulichofanya asubuhi hiyo, hatua kwa hatua. Huenda wewe huna pikapu wala huishi Kiirua, lakini Desemba ikifika utawapakia watoto garini uelekee ushago, na mabonde yaliyoko kati ya Chuka na Meru hayamjali mtu wa Nairobi.

MASWALI KABLA YA SPANA

Nilimkuta mzee amekaa kwenye kiti cha mbao kando ya pikapu yake, koti zito limemfunika hadi magotini, kwa maana asubuhi za huko si mchezo. Baada ya salamu na kikombe cha chai, alisimama kwenda kufungua boneti.

"Ngoja kwanza, mzee," nikamwambia. "Niruhusu nikuulize maswali matatu."

La kwanza: gari linachemsha wapi? Likisimama sokoni huku injini ikinguruma, au likipanda mlima na mzigo?

"Sokoni halina neno," alijibu. "Hata likisimama nusu saa. Ni mlima tu. Likianza kupanda na mzigo, mshale nao unapanda."

Jibu hilo lilikuwa la thamani kubwa. Gari linapokimbia barabarani, upepo hupita kwenye rejeta wenyewe. Likisimama, feni pekee ndiyo inayovuta upepo. Kwa hiyo gari linalochemsha kwenye foleni ya Thika Road lakini likapoa likipata mwendo, aghalabu feni yake ndiyo mgonjwa. Lakini gari linalotulia likisimama na kuchemsha likifanya kazi ngumu, hilo rejeta yake haiwezi kutoa joto lote linaloletewa, au maji hayazunguki vya kutosha. Kumbuka kwamba karibu theluthi moja ya joto la mafuta yanayochomwa huishia kwenye maji hayo. Mzigo ukiongezeka, mafuta huchomwa zaidi, na maji hubebeshwa joto zaidi.

Swali la pili: unaongeza maji kiasi gani? Mzee alisema kila safari huongeza chupa mbili za lita moja.

Swali la tatu: maji hayo yanapotelea wapi? Hapo akainua mabega. "Chini ni pakavu. Fundi alisema injini inayanywa."

Sasa nilielewa hukumu ya fundi ilikotoka. Maji yanapungua, chini hakuna tone, basi injini inayameza. Fundi hakuwa mwongo. Kuna ugonjwa wa namna hiyo, nao ni kupasuka kwa gasketi iliyo kati ya kichwa cha injini na bloki yake. Kosa lake ni kwamba aliona dalili moja akatoa hukumu, hali dalili hiyo ina wazazi zaidi ya mmoja.

TULIYOYAONA GARI LIKIWA BARIDI

Tulifungua boneti. Kijana wa barua, ambaye alikuwa amekuja nyumbani mwishoni mwa juma, alitaka kushika kifuniko cha rejeta mara moja. Siku hiyo aliruhusiwa, kwa kuwa injini ilikuwa imelala usiku kucha. Siku nyingine yoyote, msomaji wangu, usithubutu. Nitalirudia jambo hili baadaye.

Tulianza na mafuta ya injini. Ukichomoa kijiti cha kupimia mafuta na ukayakuta yamegeuka kuwa kama chai ya maziwa, ujue maji yamechanganyika nayo. Mafuta ya mzee yalikuwa meusi kwa uchovu, lakini yalikuwa mafuta matupu. Nikampa alama ya kwanza.

Tukaangalia mkanda wa feni. Ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati ya magurudumu yake mawili, unafaa uingie kidogo, kama sentimita moja hivi. Ukilegea sana, pampu ya maji na feni huteleza. Ulikuwa sawa. Pampu nayo ina kitundu kidogo chini ya mhimili wake. Kikiwa kinalia maji au kina alama za kutu, pampu inaaga. Kilikuwa kikavu.

Kisha kifuniko. Hapa ndipo mambo yalipoanza kujitokeza. Mpira wa ndani ulikuwa umekauka ukawa mgumu kama ngozi ya ngoma, na spring'i yake ilibonyea kwa kidole kimoja. Shingoni mwa rejeta palikuwa na michirizi ya kutu iliyokauka.

"Mzee," nikasema, "maji yako hayanywewi. Yanatorokea hapa."

Wengi hudhani kifuniko cha rejeta ni kama kifuniko cha sufuria, kazi yake kuzuia maji yasimwagike. La hasha. Kazi yake kubwa ni kushikilia mkandamizo. Maji yakikandamizwa hayachemki upesi. Ufukweni Mombasa maji ya sufuria huchemka kwa nyuzi 100. Kadiri unavyopanda juu ya usawa wa bahari, kiwango hicho hupungua kwa nyuzi 1 hivi kila mita 300. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700, maji huchemka kwa nyuzi 94 tu. Ndiyo sababu maharagwe huchukua muda mrefu kuiva milimani.

Sasa fikiria: injini nyingi hufanya kazi vizuri maji yake yakiwa na nyuzi 80 hadi 95 hivi. Bila mkandamizo, gari la mtu wa milimani lingekuwa linachemka kila siku. Lakini vifuniko vingi vya magari ya Kijapani vimeandikwa 0.9 au 1.1 juu yake, yaani kiasi cha mkandamizo vinachoshikilia. Kile cha 0.9, kikiwa kizima, huyafanya maji yasichemke hapa Nairobi mpaka yapite nyuzi 110. Kikilegea, kinga hiyo yote imetoweka. Gari huchemka kwa joto ambalo lingelivumilia, mvuke husukuma maji nje, maji hupungua, na safari inayofuata huanza na upungufu.

Unaona basi kwamba kitu kidogo kinachotoshea kiganjani kilikuwa kinakaribia kuuza ng'ombe.

MTIHANI WA MAPOVU

Hata hivyo sikutaka kumpa mzee tumaini la haraka. Kifuniko kibovu hakiondoi uwezekano wa gasketi kupasuka. Magonjwa mawili yanaweza kukaa nyumba moja.

Tulijaza maji rejeta mpaka shingoni, tukaacha kifuniko wazi, kijana akawasha injini iliyo baridi. Gasketi ikiwa imepasuka, moshi wa silinda hupenya ndani ya maji, na utaona mapovu yakipanda mfululizo bila kukoma, kama uji unaotokota. Mapovu machache ya mwanzoni yasikutishe, hiyo ni hewa iliyofungwa ndani. Ukifanya mtihani huu, usiweke uso juu ya shingo ya rejeta, na uzime injini kabla maji hayajapata moto.

Tulisimama watatu, hakuna aliyesema. Mzee alikuwa amevua kofia. Mapovu mawili matatu yalipanda, kisha uso wa maji ukatulia, ukawa unatikisika tu kwa mtetemo wa injini. Tulingoja dakika mbili. Hakuna kitu.

Nikaenda nyuma kuangalia ekzosi. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata joto ni dalili nyingine ya maji kuungua ndani. Mvuke mwembamba wa asubuhi ya baridi ni jambo la kawaida. Wa mzee ulikuwa mwembamba, ukatoweka.

"Injini yako iko hai," nikamwambia. Alirudisha kofia kichwani polepole.

MPIRA WA JUU NA MPIRA WA CHINI

Bado swali moja lilibaki. Kifuniko kilieleza maji yalikokwenda, lakini je, mbona gari lilishindwa mlimani tu?

Tulifunga kifuniko kingine nilichokuwa nimebeba, cha kipimo kilekile, tukawasha injini tena. Nilimwomba kijana awe akigusa mpira wa juu wa rejeta kila baada ya dakika moja, mikono mbali na feni, mikono ya shati imekunjwa. Katika gari zima, mpira huo hubaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha ghafla hupata moto. Hapo ndipo thamostati imefunguka. Thamostati ni mlango mdogo unaoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, aghalabu kati ya nyuzi 80 na 90.

Mpira wa mzee ulianza kupata uvuguvugu mapema mno, kidogo kidogo. Mlango haukuwapo. Tulipofungua nyumba ya thamostati baadaye, tuliikuta tupu.

"Fundi wa zamani aliitoa," mzee akakiri. "Alisema hiyo ni ya nchi za theluji."

Hili ni kosa lililoenea kote Afrika Mashariki, kuanzia gereji za Kariobangi hadi vijijini. Gari likichemsha, kitu cha kwanza kutupwa ni thamostati. Ni kweli kwamba ikikwama imefungwa huchemsha gari, na dawa yake ni kuweka mpya. Kuitoa kabisa huiacha injini ikifanya kazi ikiwa baridi mno, hasa asubuhi za Kiirua, nayo hunywa mafuta mengi na kulika upesi. Tena katika baadhi ya injini, thamostati hiyohiyo huziba njia ya mkato inayorudisha maji ndani bila kupitia kwenye rejeta. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto hupita njia hiyo ya mkato na kurudi kuzunguka bila kupozwa. Mtu anatoa thamostati ili gari lisichemshe, kumbe analisaidia kuchemsha.

Injini ilipopata joto kamili tuliizima, nikatia ufunguo mfukoni, kwa maana feni za umeme huweza kuanza zenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Kisha nikapitisha kiganja karibu na uso wa rejeta. Sehemu ya juu ilikuwa moto. Theluthi ya chini ilikuwa baridi kama ukuta. Mirija ya huko ilikuwa imezibwa. Maji tuliyoyamwaga baadaye yalitoka mekundu kama udongo, matunda ya miaka mingi ya kujaza maji ya mtoni. Kwa nje nako, katikati ya mapezi, kulikuwa na matope, mbegu za nyasi na makapi. Rejeta ya mzee ilikuwa inapumua kwa pafu moja. Ikiwa imesimama sokoni, pafu moja lilitosha. Mlimani halikutosha.

DAWA

Rejeta ilipelekwa kwa fundi wa rejeta mjini Meru, ikafunguliwa na mirija yake ikasafishwa. Mapezi yalisafishwa kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia. Maji ya nguvu nyingi huyakunja mapezi, na hapo utakuwa umejiongezea kazi. Mzee alinunua kifuniko kipya, thamostati mpya, na mpira wa chini, kwa kuwa ule wa zamani ulikuwa umelainika. Mpira wa chini ukilainika hunywea injini ikikimbia, maji yakakosa njia.

Halafu tukatia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Mzee aliuliza, kama wengi wanavyouliza, ya nini dawa ya barafu katika nchi ya jua? Jibu ni kwamba kuzuia barafu ni kazi yake moja tu. Huzuia kutu vilevile, na huinua kiwango cha kuchemka. Kama angeitumia tangu mwanzo, mirija ile isingejaa kutu.

Siku tatu baadaye alipanda kutoka Isiolo na mzigo wake wa kawaida. Kijana alinipigia simu akaniambia mshale ulifika katikati, ukakaa hapo hadi nyumbani. Gharama yote haikufika hata nusu ya bei ya ng'ombe mmoja.

Nisikudanganye, msomaji. Kama mapovu yangekuja mfululizo asubuhi ile, habari ingekuwa nyingine. Kichwa cha injini kingefunguliwa, kikapimwa kama kimepinda, kikasawazishwa, na gasketi mpya ikawekwa. Hiyo ni kazi ya gharama. Lakini hata hapo si lazima iwe injini mpya. Fundi akikuambia injini imekufa, muulize kwa heshima: "Umeipima vipi?" Fundi mwema hatakasirika.

LIKIKUCHEMKIA NJIANI

Mwisho, hili ni la familia nzima, hata asiyeendesha.

Mshale ukianza kupanda, zima kiyoyozi, fungua madirisha, na uwashe hita kwa nguvu zote. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo, hupunguza joto la injini. Tafuta mahali salama usimame. Usijiambie kwamba kituo kijacho kiko karibu. Dakika tano za ubishi ndizo zinazopinda kichwa cha injini.

Jihadhari na mshale unaopanda hadi juu kisha ukaanguka ghafla. Wengi hushukuru Mungu na kukanyaga mafuta. Huenda maji yamekwisha, na kipima joto kinaning'inia katika hewa tupu.

Ukisimama, weka vizuizi nyuma ya magurudumu, na pembetatu za tahadhari mbali na gari. Matawi peke yake usiku hayaonekani. Shusha watoto, wakae mbali na barabara na mbali na boneti. Ikiwa mvuke unafuka, zima injini mara moja. Kisha ngoja, angalau nusu saa, na zaidi ikiwezekana. Usimwagie injini maji baridi, kwa kuwa chuma cha moto kikipozwa ghafla hupasuka.

Na kifuniko kile usikiguse mpaka rejeta iweze kushikwa kwa mkono bila kuunguza. Mkono wangu wa kulia, kutoka kiwiko hadi kiganja, una kovu nililolipata nikiwa kijana mwenye haraka ya kufika kwenye arusi. Nilizungusha kifuniko kwa kitambaa nikidhani kitambaa kinatosha. Maji yaliyokandamizwa hayamwagiki, yanalipuka. Kama ningekuwa nimeinama zaidi kidogo, leo nisingekuwa nakuandikia, kwa kuwa nisingekuwa na macho ya kuandikia.

Mtu akiungua hivyo, mwagilia sehemu iliyoungua maji baridi ya kawaida kwa dakika 20, ifunike kwa kitambaa safi, umpeleke hospitali. Siagi, dawa ya meno na mayai viache jikoni.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo jioni, gari likiwa limepoa, fungua boneti na mwanao, mwangalie maji pamoja. Ni kazi ya dakika tano. Ng'ombe wa mzee wa Kiirua bado wako zizini, na kijana bado ana chumba chake.

Hadi Jumapili ijayo, safari njema.